Ngazi za Chuma za Nkambo

Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nina duka dogo ndani ya kontena, na wateja wangu wamechoka kuinua miguu hadi kiunoni ili kununua sabuni. Fundi alinionyesha ngazi aliyokwisha kutengeneza, bado inanuka chuma cha moto na rangi ya kuzuia kutu. Kabla sijauliza chochote alipanda juu yake akaanza kurukaruka, anacheka, anataka nione jinsi isivyotikisika. Ilinibidi nitoke nje nikae kwenye jiwe. Alidhani ni joto, akaniletea maji. Nilikunywa, nikashukuru, nikaondoka bila ngazi, na wateja wangu mpaka leo wanalalamika.

Harufu ile ndiyo iliyonirudisha Kasulo, mtaa wetu wa utotoni hapa Kolwezi. Kama ulikulia upande huu, unajua Kasulo palikuwaje miaka ile watu walipogundua kwamba madini yako chini ya vitanda vyao. Kila nyumba ilikuwa na pazia jipya sebuleni, na nyuma ya pazia shimo. Ukienda kumjulia hali jirani, unakaribishwa kiti, unapewa chai, na wakati unakunywa kichwa cha mtu mwenye vumbi kinachomoza nyuma ya pazia kinakusalimia. Sisi watoto tuliona ni jambo la kawaida tu.

Nyumba yetu ya matofali haikuwa na shimo. Baba alikataa. Alikuwa mtu wa usafirishaji, kama baba yake aliyekuja huku kutoka Kasongo, na alisema kazi yake ni kubeba vitu, si kuvifukua. Alikuwa na lori moja kuukuu, na lori hilo lilibeba mifuko ya majirani ya udongo mweusi wenye madini kuipeleka dipo, kule wanunuzi walikokuwa na mizani yao. Mteja wake mkubwa alikuwa Tata Kalenga wa nyumba ya pili, mnene, mcheshi, mwenye shimo refu kuliko yote mtaani. Tulikula kwa mifuko hiyo na tulisoma kwa mifuko hiyo. Shimo tulikuwa hatuna, lakini majirani walikuwa na mashimo kila upande, na mwaka mmoja ukuta wetu ukapasuka kuanzia dirishani hadi sakafuni. Baba akaweka mkono wake ndani ya ufa, ukaingia mpaka kwenye kifundo.

Baada ya hapo ndipo alipotuletea karavani. Kampuni fulani ya wakandarasi ilikuwa inafunga virago, ikauza vibanda vyake vyenye magurudumu ambamo mainjinia walikuwa wakilala. Baba aliivuta kwa lori lake kutoka njia ya Fungurume, nyeupe, ina madirisha madogo ya duara na zulia sakafuni, mtaa mzima ukatoka kutazama. Alisema nyumba yenye magurudumu haiangukii mtu: ardhi ikianza kuleta ujanja, tunaifunga kwenye lori, tunahamia mbele. Aliona amewashinda wote akili. Mimi nilielewa kwa namna yangu. Nilielewa kwamba tunasafiri. Nilikuwa mtoto wa kuamini, na kila asubuhi nilikimbilia dirishani kuangalia kama tumeshafika Kasongo.

Karavani ilikuja bila ngazi. Chini ya mlango palikuwa na bawaba mbili zenye kutu mahali ngazi ya zamani ilipong'olewa, na kwa kuwa Baba alikuwa ameinua kibanda chote juu ya matofali ili maji ya mvua yasiingie, mlango ulikuwa juu kabisa. Mama aliweka kreti la soda, tukawa tunapanda na kushuka kwa kuruka. Kwetu sisi ilikuwa raha. Kwa Nkambo ilikuwa kifungo.

Nkambo, mama yake Baba, alikuwa mwanamke mkubwa, na ninasema mkubwa kwa heshima. Alikuwa amefanya biashara ya chumvi na samaki wakavu maisha yake yote, na miguu iliyombeba masokoni sasa ilikuwa imevimba na kukataa kupinda. Siku tuliyohamia, wanaume wanne walimpandisha akiwa amekaa kwenye kiti, majirani wanaangalia, mmoja anapiga kelele za kuhesabu moja, mbili. Alijifunika uso wote kwa mtandio. Alipofikishwa ndani alisubiri wanaume waondoke, halafu akamwita Baba.

"Ii ni mwisho," alisema. "Mutu banamubebaka siku moja tu, ile yenye amekufa. Mi bado."

"Mama, ni batu bane tu na kiti. Ukitaka kushuka, nabaita."

"Nitashuka na miguu yangu. Ao nabakia umu."

Na alibakia. Msimu mzima wa mvua hakukanyaga udongo. Mwanamke ambaye sikuzote alikaa uani na ungo wa maharage mapajani, akisema na kila mpita njia, akimwambia huyu suruali yako inaanguka na yule mke wako anakutafuta, sasa alikaa kwenye kiti mlangoni kama mfungwa aliyeruhusiwa hewa. Baadaye akaacha hata mlangoni. Alikula kidogo, na vicheko vyake vikapungua, akaanza kulala mchana. Mama alimwambia Baba jikoni, nikiwa nasikia, kwamba mama yake anaoza pale ndani na si ugonjwa. Mimi niliona tofauti kabisa. Nilidhani Nkambo hatoki kwa sababu ni mjanja kuliko sisi: anajua karavani itaondoka wakati wowote, na hataki kuachwa.

Baba alianza kutafuta ngazi. Nadhani hakuna kitu alichowahi kukitafuta kwa bidii namna ile, hata lori lenyewe. Na kwa kuwa Nkambo hakuweza kwenda kuziona, ngazi ndizo zilizoletwa kwake, moja baada ya nyingine, kama wachumba.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao za makreti ya kufungia mizigo ya migodini. Nkambo alimwamuru Baba apande yeye kwanza. Ubao wa pili ukalia. Nkambo akaashiria kwa kidole tu, ikaondoka. Ya pili ilitoka Fungurume, kwa mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika, nyepesi, ya kukunja, inang'aa, na Baba alikuwa na furaha sana kwa sababu iliingia sawasawa kwenye zile bawaba mbili. Ilikuwa ndiyo yenyewe, ngazi halisi ya karavani. Nkambo aliweka mguu mmoja juu yake, huku kashika mlango. Ngazi ikatetemeka. Akarudisha mguu.

"Ii ngazi inaniogopa mi kupita venye mi naiogopa," alisema. "Rudisha."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hata Baba alicheka. Ilikuwa muda mrefu hatujamsikia Nkambo akitania, na nafikiri ni siku ile Baba alipoapa moyoni kwamba atamshusha mama yake kwa heshima, iwe iwavyo.

Akamleta fundi kutoka Musonoi, mtu mwembamba mwenye majigambo mengi, aliyeongea kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua chuma. Lakini alijua kazi. Hakupima mlango kwanza. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Nkambo akiwa na utepe wake.

"Mama, inua muguu. Apana na nguvu. Inua venye unawezaka tu."

Nkambo akainua. Fundi akapima hapo hapo, kutoka sakafuni hadi kwenye unyayo, akasema hicho ndicho kimo cha kila kidato, hata kama ngazi itakuwa ndefu mpaka barabarani. Akapima upana wa nyayo zote mbili zikiwa pamoja. Akamwambia anyooshe mikono pembeni, akapima mahali pa kushikilia. Nkambo alifurahi mno kupimwa hivyo. Tangu avimbe miguu, watu walikuwa wanampima kwa macho tu.

Fundi alimuuliza Baba swali moja la mwisho, akiwa tayari juu ya pikipiki. "Na udongo yenu? Iko nguvu?"

Baba akapiga kisigino chini mara kadhaa. "Iko nguvu," akasema.

Tata Kalenga alikuwa amesimama hapo akitafuna karanga, kwa kuwa hapakuwa na jambo mtaani lililompita. Naye akapiga kisigino chake. "Galeri yangu inaendaka ku barabara," alisema, yaani ile njia aliyochimba chini kwa chini kutoka shimoni mwake. "Uku kwenu haiko kintu." Baba akaitikia kwa kichwa. Kwa nini asimwamini? Ni yeye aliyebeba mifuko yake kila siku. Walikuwa wanakula pamoja sikukuu, zetu na zao.

Ngazi zilikuja kwa lori letu wenyewe. Zilikuwa nzito kiasi kwamba Baba alilazimika kuwaita vijana wa Tata Kalenga kutoka shimoni waje kuzishusha, na walishuka nazo wakiguna. Chuma kinene chenye vipele ili mguu usiteleze, vidato vifupi na vipana, reli mbili, na chini miguu minne ambayo Baba aliimwagia zege ili isicheze. Zege lilipokauka, fundi akaruka juu ya kila kidato. Baba akaruka. Tata Kalenga, na tumbo lake, akaombwa aruke pia, akaruka mara mbili, watoto tukashangilia. Hakuna kilicholia. Sisi watu wa Kasulo tulijua kukagua kila kitu, bei, mizani, chuma, uso wa mtu. Siku ile tulikagua ngazi kutoka juu mpaka mwisho wa chuma, na hapo tukaacha.

Nkambo alishuka akiwa peke yake. Alikataa mkono wa Baba. Alishika reli huku na huku, akaweka miguu yote miwili kwenye kila kidato kabla ya kwenda kinachofuata, na alipofika mwisho akavua viatu kwanza. Ndipo akakanyaga udongo. Alisimama tu hapo, anachezesha vidole ndani ya vumbi, machozi yanamtoka na anatukana huku analia. Baba aligeuka akaanza kukagua matairi ya lori ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Kuanzia siku hiyo, kidato cha chini kikawa kiti chake. Alikaa pale kutoka chai hadi alasiri, na ungo wake, na maneno yake kwa wapita njia. Alinenepa tena. Mimi nilikaa pembeni yake nikichambua maharage vibaya, naye alinisimulia habari za Kasongo na kuniita mukewenza, jinsi nkambo zetu wanavyowatania wajukuu wa kike, akinilaumu kwamba nataka kumnyang'anya marehemu mume wake.

Nikiwa nimekaa pale ndipo nilipoanza kusikia. Kusikia si neno lenyewe. Ilikuja kupitia chuma, kwenye makalio na kwenye nyayo: tu, tu, tu, kisha kimya, kisha tena.

"Nkambo, ngazi inagonga."

Akaweka kiganja chake juu ya chuma, akasubiri. Alisikia pia, niliona usoni mwake. "Ni damu ya miguu yangu, mukewenza," akasema. "Inarudi."

Nilimwambia Baba. Baba alimuuliza fundi walipokutana, na fundi akamweleza kwamba chuma kinene kikipigwa na jua hunenepa, na kikinenepa hugonga. Ni kweli, chuma hufanya hivyo. Kila mtu alikuwa na jibu lake na kila jibu lilitosha. Mimi nami nilikuwa na langu, na ndilo nililolipenda kuliko yote: karavani ina injini chini kabisa, na kuna watu wanaitengeneza ili tuondoke. Nilimnong'oneza Nkambo. Hakunicheka. Aliniinamia na uso wa siri.

"Ikianza kutembea," akasema, "unishike mukono, nisibakie."

Siku yenyewe ilikuwa ya jua baada ya mvua kubwa. Baba alikuwa ameenda dipo na mifuko ya asubuhi. Mama alikuwa anafua nyuma ya karavani. Nkambo alikuwa amemaliza sala ya adhuhuri, akakaa kwenye kidato chake na ungo, akanituma ndani nimletee chumvi ya kulambia embe bichi. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti kufikia kopo niliposikia kitu kama mfuko mkubwa unaomwagwa. Si kishindo. Watu hudhani ni kishindo. Kisha sakafu ikainama kidogo chini yangu, kiti kikateleza, vikombe vikatambaa mezani vyenyewe, na dirishani nikaona ukuta wa jirani unasogea.

Nilijua mara moja ni nini. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani.

"Nkambo!" nikaita. "Nkambo, njo inaanza!"

Nikakimbilia mlangoni na kopo la chumvi mkononi ili nimshike mkono. Nje hapakuwa na ngazi. Palikuwa na vumbi linalopanda na ukingo wa udongo mbichi, na magurudumu ya mbele ya karavani yakining'inia. Nilisimama pale nikingoja vumbi litulie nione Nkambo amekaa wapi. Mama alinivuta kwa nyuma, kwa gauni, akanirusha kitandani, na sauti aliyoitoa sitaki kuiandika.

Vijana wa Tata Kalenga walikuwa wametoka kula. Ndiyo sababu wao wako hai. Walirudi mbio, wakatazama kwenye lile shimo jipya, wakaona kingo bado zinamomonyoka na kwamba hawawezi kuingilia juu. Bila mtu kuwaambia chochote wakakimbilia nyumba ya pili, wakapita nyuma ya pazia, wakashuka kwenye shimo la bosi wao. Walijua njia. Walijua galeri inakwenda wapi. Mtaa mzima ulisimama uani kwetu ukiangalia shimo, lakini Nkambo wangu alitolewa kwa mlango wa mbele wa Tata Kalenga, amefunikwa pazia la sebule, amebebwa na vijana wanne ambao juzi tu alikuwa amewatania kwamba hawaogi. Mmoja wao alikuwa akilia kama mtoto. "Tumemupata, Mama," alimwambia mama yangu. "Tumemupata." Alisema hivyo kana kwamba ni habari njema, maskini, kwa kuwa katika kazi yao mara nyingi hata hilo halipatikani.

Alikuwa ameshakufa. Udongo ulikuwa kinywani na masikioni. Mama na wanawake wa msikitini walimwosha, na maji yalichukua muda mrefu kuwa meupe.

Baba alifika jioni, akakuta watu uani. Aliingia kumwona mama yake, akatoka, akaenda ukingoni. Ngazi zilikuwa kule chini, zimesimama wima kabisa, zege bado limeshika miguu. Hata mahali pamoja pa kuchomelea hapakuwa pameachia. Alizitazama mpaka mtu mmoja akamshika bega akamwondoa. Sijui alikuwa anafikiri nini. Mimi mtu mzima, nikimfikiria, nadhani alikuwa anahesabu safari. Kwa sababu udongo uliokuwa chini ya miguu ya mama yake haukuyeyuka. Ulitolewa mfuko kwa mfuko, ukapandishwa kwenye lori, na mwenye lori ni yeye.

Tata Kalenga alileta sanda. Alimlilia Nkambo kwa sauti kuliko sisi, akaapa kwamba vijana walifuata madini bila kumwambia, kwamba yeye mwenyewe alidhani ni barabarani. Labda ni kweli. Chini kule hakuna uzio, watu hufuata weusi wa udongo unakokwenda. Baba aliipokea sanda, wakazika. Nilitaka Baba ampige. Mpaka leo kuna siku nataka.

Matanga yalipoisha, wageni wakaondoka, tukabaki na mikeka ya kuazima na karavani iliyoinama. Asubuhi moja nikaona mifuko imepangwa kando ya ukuta wa Tata Kalenga, mingi kuliko kawaida. Vijana walikuwa wamezoa udongo wote uliomwagikia ndani ya galeri siku ile, na ulikuwa mzuri, mweusi, mzito. Baba alitoka, akaosha uso, akaitazama mifuko. Mama alisimama mlangoni akiwa na mkono mdomoni. Hakukuwa na mzigo mwingine mtaani, na ndani hakukuwa na unga. Baba akashusha ubao wa nyuma wa lori, akaanza kupakia yeye mwenyewe, bila kuwasubiri vijana, anakumbatia kila mfuko na kuuinua taratibu.

Nilielewa anachofanya na moyo ukanitulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Anakwenda kuurudisha. Ni udongo wetu, ulitoka chini yetu, na sasa Baba anaukusanya afukie lile shimo ili pawe kama zamani. Nikapanda mbele, nikakaa kiti cha abiria ili nione vizuri.

Aliwasha. Lori lilirudi nyuma kuelekea uani kwetu, likasogea hadi karibu na ukingo, nami nikasubiri ashuke afungue ubao. Kisha akakata usukani, lori likanyooka, likatoka langoni na kushika njia ya dipo.

"Baba," nikasema, "na shimo?"

Alikuwa anatazama mbele.

"Funga dirisha, Zaina," akasema. "Kuko vumbi."